Nahodha wa Fujian na visiwa vyenye majina mawili: uchambuzi wa mgongano wa Septemba 2010

Tarehe 7 Septemba 2010, kama saa nne na robo asubuhi, meli ya uvuvi ya Kichina iitwayo Minjinyu 5179 iligongana na Yonakuni, meli ya doria ya Walinzi wa Pwani wa Japani, si mbali na kisiwa kidogo cha Kuba, kimojawapo cha visiwa vinavyogombewa na nchi hizo mbili katika Bahari ya China Mashariki. Dakika 40 hivi baadaye, ikiwa inafukuzwa na kuamriwa isimame, ikagongana na meli ya pili, Mizuki. Hakuna aliyekufa. Lakini mpaka mwezi unaisha, China ilikuwa imekata mawasiliano ya ngazi ya mawaziri, viwanda vya Japani vilikuwa vikihesabu akiba ya madini iliyobaki ghalani, na Wajapani wanne walikuwa wamekamatwa mkoani Hebei, China. Marekani nayo ilikuwa imetamka hadharani kwamba mkataba wake wa ulinzi na Japani unavihusu visiwa vile.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi. Majirani hawa wawili walikaa na mgogoro wa mpaka karibu miaka 40, hawakuumaliza wala hawakupigana. Kisha ukatolewa uamuzi mmoja wa kiofisi, ukavunja utaratibu ambao haukuwahi kuandikwa popote. Wanaokisimulia huanza na swali la nani alimgonga mwenzake. Swali hilo lina jibu, na tutalifikia, ila halielezi kwa nini mambo yalifika pale.

Visiwa vyenyewe

Ni visiwa vitano na miamba mitatu. Ukivijumlisha vyote havifiki kilomita za mraba 7. Viko kilomita 170 hivi kutoka Ishigaki, kisiwa cha Japani kilicho kusini mwa mkoa wa Okinawa, na umbali kama huo kutoka Taiwan; hadi China bara ni kilomita 330 hivi. Wajapani huviita Senkaku, Wachina Diaoyu, na Taiwan, ambayo nayo inavidai, huviita Diaoyutai.

Kisiwa kikubwa kuliko vyote ndicho kinachonigusa zaidi. Kwa Kichina ni Diaoyu Dao, kwa Kijapani ni Uotsuri-jima. Ukiyatazama maandishi, ni alama zile zile mbili, ya samaki na ya kuvua kwa mshipi. Mmoja ameitanguliza hii, mwingine ile. Kwa hiyo pande zote mbili zinakubaliana kwa neno la wavuvi kwamba hapa ni mahali pa kutupa ndoana.

Leo hakuna mtu anayeishi pale. Zamani walikuwapo. Mfanyabiashara wa Kijapani, Koga Tatsushiro, alikodishiwa visiwa na serikali yake mwaka 1896, akapeleka wafanyakazi wa kukusanya manyoya ya ndege wa albatrosi na kukausha samaki aina ya sehewa. Wakati mmoja walifika watu zaidi ya 200. Kufikia mwaka 1940 hivi kazi ilikuwa imekufa na watu wamehama. Baadaye, mwaka 1978, kundi la wazalendo wa Kijapani lilijenga mnara wa taa Uotsuri, na mwaka huo huo wakaachwa pale mbuzi wawili, dume na jike. Mbuzi hao wamezaana wakawa mamia, wanakula majani mpaka udongo unaporomoka baharini. Kisiwa hicho kina aina ya fuko isiyopatikana kwingine duniani, na makazi yake yanaliwa huku serikali zikibishana. Wataalamu wa mazingira hawawezi kwenda kuwaondoa mbuzi, kwa sababu kukanyaga ardhi ile tu ni tamko la kisiasa.

Hati za madai

Japani inasema ilivipima visiwa kuanzia mwaka 1885, ikaona havina mwenyewe, na tarehe 14 Januari 1895 baraza la mawaziri likaamua viwe sehemu ya Okinawa. China inajibu kwa kutaja safari za wajumbe wa dola ya Ming ya China kwenda Ryukyu, ufalme uliokuwa Okinawa ya leo. Mmoja wao, Chen Kan, aliandika mwaka 1534 jinsi walivyovipita visiwa hivi kabla ya kufika Kume, alikokuona kuwa ndiko mwanzo wa nchi ya Ryukyu.

Tarehe ya uamuzi wa Japani ndiyo inayoumiza. Januari 1895 ilikuwa katikati ya vita kati ya Japani na China, na China ilikuwa inashindwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Aprili, ukasainiwa Mkataba wa Shimonoseki uliomkabidhi Mjapani Taiwan na visiwa vyake. Je, Senkaku vilichukuliwa kwa utaratibu wa kawaida Januari, au vilikuwa ngawira ya vita? Ukiwa Tokyo, hizo ni habari mbili tofauti. Ukiwa Beijing, ni mkono ule ule ulioingia mfukoni mara mbili. Nikipima naona jambo moja linaidhoofisha hoja ya Japani: mwaka 1885 waziri wake wa mambo ya nje, Inoue Kaoru, alishauri wasiweke alama ya umiliki wakati ule, kwa kuwa magazeti ya China yalikuwa yanaandika kuhusu nia ya Japani juu ya visiwa vilivyo karibu na Taiwan. Mtu aliye na uhakika kwamba ardhi haina mwenyewe hasubiri jirani alemewe ndipo apige kigingi. Na uamuzi wa 1895 haukutangazwa.

Hoja ya China nayo ina tundu kubwa. Baada ya vita kuu ya pili, visiwa vilikuwa chini ya Marekani pamoja na Okinawa yote, na Beijing haikupiga kelele. Gazeti la chama, *Renmin Ribao*, toleo la tarehe 8 Januari 1953, lilivitaja kwa jina la Kijapani kama sehemu ya visiwa vya Ryukyu. Madai rasmi ya Taiwan na China yalikuja mwaka 1970 na 1971, baada ya utafiti uliofanywa mwaka 1968 chini ya Umoja wa Mataifa kuonyesha kwamba huenda chini ya bahari ile kuna mafuta. Marekani iliporudisha Okinawa mwaka 1972, ilisema inarudisha usimamizi tu, na kuhusu umiliki haina msimamo. Ni kama mpangaji aliyekabidhi funguo kwa mmoja wa ndugu wanaogombana, akaondoka.

Kuna karatasi moja ambayo ningependa kila anayesoma kisa hiki aijue. Mwaka 1919 wavuvi 31 kutoka mkoa wa Fujian, China, walivunjikiwa na chombo wakasukumwa na bahari hadi Uotsuri. Wafanyakazi wa Koga waliwaokoa, wakawatunza, wakarudishwa kwao. Mei 1920 balozi mdogo wa China mjini Nagasaki aliandika barua za shukrani kwa watu wa Ishigaki. Japani huitumia barua ile kama ushahidi, kwa sababu imeandika wazi kwamba visiwa viko katika wilaya ya Yaeyama, Okinawa, dola ya Japani. China hujibu kwamba wakati ule hata Taiwan ilikuwa ya Japani, kwa hiyo barua haithibitishi kitu. Wote wawili wanaisoma kama hati ya shamba. Mimi naiona kuwa ni barua ya watu waliopewa chakula na pa kulala.

Kuweka kiporo

Septemba 1972 waziri mkuu wa Japani, Tanaka Kakuei, alikwenda Beijing kurudisha uhusiano. Alipoligusia suala la visiwa, waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, alimwambia hapendi kulizungumza safari hii. Wakaendelea na mengine. Oktoba 1978 kiongozi wa China, Deng Xiaoping, akiwa Tokyo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kizazi chao hakina hekima ya kutosha kulimaliza jambo hili, na kwamba kijacho kitakuwa na hekima zaidi.

China inasema hapo palikuwa na makubaliano ya kuliweka suala kiporo. Japani inakana kabisa. Inasema hakukuwa na makubaliano kwa sababu hakuna mgogoro. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Lakini ukitazama walivyotenda, unaona desturi. Japani ilidhibiti, haikujenga. China ilidai, haikupeleka meli za serikali kukaa pale. Mkataba wa uvuvi wa mwaka 1997 uliiacha bahari ya kusini mwa latitudo 27 bila kubana upande wowote. Na Machi 2004, wanaharakati saba wa Kichina walipotua Uotsuri, polisi wa Japani waliwakamata, wakawafukuza nchini baada ya siku mbili, bila kesi. Kila upande ulipata cha kusema nyumbani: huyu amewakamata, yule amerudishiwa watu wake.

Mwaka 2010 desturi hiyo ilikatika.

Siku 17

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Septemba nahodha wa Minjinyu 5179 alikamatwa kwa kosa la kuwazuia maofisa kutekeleza wajibu wao. Serikali ya waziri mkuu Kan Naoto ilisema sheria ya nchi itafuata mkondo wake. Tuwe waadilifu hapa: mazingira hayakufanana na ya 2004. Wale saba walitua na bendera. Huyu aliendesha chombo cha chuma kuelekea meli za dola. Picha za video zilizoonekana baadaye zinaonyesha Mizuki ikienda sambamba, meli ya uvuvi ikigeuza pua kuielekea, kishindo, moshi mweusi ukipanda. Anayesema Mizuki ndiyo iliyojigonga hajaitazama. Walinzi wale wangeweza kufa.

Ila kumfungulia mtu mashtaka mahakamani ni kitu kingine, na naamini Tokyo haikuupima uzito wake. Watu wetu wenye kesi za mipaka ya mashamba wanalijua jambo hili vizuri. Mbuzi wa jirani akiingia shambani ukamfukuza, umelinda mahindi yako. Ukimpeleka mwenye mbuzi barazani na hukumu ikaandikwa, umepata hati inayosema shamba ni lako. Hukumu ya mahakama ya Naha, makao makuu ya Okinawa, ingekuwa hati ya namna hiyo, na Beijing isingeweza kunyamaza bila kuonekana imekubali. Kwa hiyo China haikubishana juu ya urefu wa kifungo. Ilikataa Japani kuwa na mamlaka ya kumhukumu mtu yeyote katika maji yale.

Balozi wa Japani mjini Beijing, Niwa Uichiro, aliitwa mara kadhaa. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Septemba, siku ya Jumapili, alitolewa kitandani kwenda kuonana na Dai Bingguo, mjumbe wa Baraza la Taifa. Kwa lugha ya diplomasia hiyo ni fedheha, lakini pia ilikuwa ishara kwamba jambo limefika juu kabisa. Siku iliyofuata Japani iliwaachia mabaharia 14 pamoja na meli yao, ikambakiza nahodha. Tokyo ilidhani imetuliza moto. Tena wiki ile ile chama tawala kilikuwa na uchaguzi wa kiongozi, Kan dhidi ya Ozawa Ichiro, kura ikipigwa tarehe 14. Macho ya wakubwa yalikuwa kwingine.

Halafu ikaja tarehe 18 Septemba. Usiku wa siku hiyo mwaka 1931 maofisa wa jeshi la Japani walilipua kipande cha reli karibu na Shenyang, mji wa kaskazini-mashariki mwa China, wakawasingizia Wachina, wakapata kisingizio cha kuiteka Manchuria nzima. Kila mwaka Shenyang hupiga ving'ora siku hiyo saa tatu na dakika 18 asubuhi kwa hesabu yetu. Kwa saa yao inasomeka 9:18, yaani mwezi wa tisa, tarehe 18. Ukiwa mtoto wa mji ule, unakua ukisikia sauti hiyo kila mwaka, na kila mzee ana jambo la kukusimulia kuhusu mauaji ya Nanjing ya 1937 au kijiji kilichochomwa. Mwaka 2010 ving'ora vililia nahodha akiwa rumande Ishigaki. Kesho yake, tarehe 19, mahakama ya Japani ikaongeza siku 10 za kumshikilia. Bila shaka hakimu alikuwa anasoma sheria na siyo kalenda ya Shenyang. Lakini serikali nzima ya nchi iliyofanya yale ya 1931 haikuwa na mtu wa kuonyesha tarehe hiyo kwa kidole?

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. China ikakata mawasiliano ya mawaziri. Ziara ya vijana 1,000 wa Kijapani kwenda maonyesho ya Shanghai ikaahirishwa. Tarehe 20 wafanyakazi wanne wa kampuni ya ujenzi ya Fujita wakakamatwa Hebei kwa madai ya kupiga picha eneo la jeshi. Na kuanzia siku hizo, mizigo ya madini adimu iliyokuwa iende Japani ikaanza kukwama bandarini China.

Hilo la mwisho ndilo lililoshtua dunia. Madini adimu ndiyo yanayotengenezea sumaku kali za injini za magari ya umeme na vifaa vya elektroniki, na China ilikuwa inazalisha zaidi ya asilimia 90 ya yote yanayotumika duniani. Beijing ilikanusha kwamba kuna amri ya kuzuia. Wafanyabiashara wa Japani waliona tu kwamba karatasi zao za forodha hazigongwi muhuri. Bei zilipanda vibaya mwaka uliofuata. Mshindo wake ulifika hadi kwetu: vilima kama Mrima kule Kwale na Ngualla mkoani Songwe, ambavyo hapo nyuma vilijulikana na wanajiolojia tu, vikaanza kutafutwa na wawekezaji. Japani iliweka dola milioni 250 kwenye kampuni ya Lynas ya Australia, ikashirikiana na Marekani na Ulaya kuishtaki China kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012, wakashinda mwaka 2014. Silaha ilifanya kazi mara moja, kisha kila aliyeumizwa nayo akaanza kujitengenezea ngao.

Tarehe 24 Septemba, waendesha mashtaka wa Naha walitangaza kumwachia nahodha. Naibu mkuu wao alisema wamezingatia athari kwa wananchi na uhusiano wa baadaye na China. Serikali ikasema uamuzi ni wa waendesha mashtaka wenyewe. Kwangu hapa ndipo Japani ilipojiumiza zaidi. Kama ni siasa iliyoamua, mwanasiasa ndiye angesimama mbele ya wananchi akasema hivyo. Kuusukumia mzigo wa diplomasia kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa kuliwafedhehesha wanasheria wale, na hakuna aliyeamini. Nahodha alirudishwa kwa ndege ya kukodi hadi Fuzhou, akapokewa kama shujaa. Siku ile ile China ikadai kuombwa radhi na kulipwa fidia. Japani ikakataa.

Kan na waziri mkuu wa China, Wen Jiabao, walikuja kuonana Brussels tarehe 4 Oktoba, kwenye viti vya ukumbini nje ya chumba cha mkutano, kwa dakika 25. Mwezi uliofuata, ofisa mmoja wa Walinzi wa Pwani aliipakia video ya mgongano kwenye YouTube, baada ya serikali kuifungia na kuwaonyesha wabunge wachache tu. Aliacha kazi, hakushtakiwa. Wajapani wengi walimwona ametenda haki, nami siwalaumu. Serikali iliyosema sheria ifuate mkondo wake ilikuwa inawaficha raia ushahidi wa kesi yenyewe.

Baada ya kiporo kumwagika

Aprili 2012 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alitangaza kwamba jiji lake litavinunua visiwa kutoka kwa familia ya Kijapani iliyokuwa ikivimiliki. Michango ya wananchi ikapita yeni bilioni 1. Waziri mkuu Noda Yoshihiko aliogopa Ishihara angejenga pale, akaamua serikali kuu inunue yenyewe. Rais wa China, Hu Jintao, alimwonya ana kwa ana Vladivostok, Urusi, tarehe 9 Septemba. Siku mbili baadaye mkataba wa visiwa vitatu ukasainiwa kwa yeni bilioni 2.05. Noda alidhani ananunua utulivu. Na tena ilikuwa Septemba, wiki moja kabla ya ving'ora vya Shenyang.

Tarehe 15 maandamano yalizuka katika miji mingi ya China. Qingdao viwanda na maduka ya Kijapani yalichomwa na kuporwa. Xi'an, mwanamume mmoja Mchina alisimamishwa akiendesha Toyota Corolla yake, mkewe pembeni. Mke alishuka akawasihi: tumekosea kununua gari la Kijapani, hatutanunua tena. Kijana wa miaka 21, fundi wa kupiga lipu, alimpiga yule mume kichwani kwa kufuli la chuma la baiskeli mpaka fuvu likapasuka. Mume alipooza upande mmoja. Kijana alifungwa miaka 10. Hakuna Mjapani hata mmoja katika kisa hicho. Ukiangalia hesabu ya mgogoro huu, damu iliyomwagika barabarani siku ile ilikuwa ya Wachina kwa Wachina, juu ya visiwa ambavyo kati yao pengine hakuna aliyewahi kuviona.

Tangu hapo meli za serikali ya China zimekuwa pale karibu kila siku. Mwaka 2024 zilionekana katika maji yanayopakana na visiwa siku 355. Wavuvi wa Ishigaki wakitoka kwenda kuvua, husindikizwa na Walinzi wao na kufuatwa na wa China.

Alfajiri ya tarehe 11 Agosti 2016, wakati mamia ya vyombo vya uvuvi vya Kichina yalikuwa eneo hilo na serikali mbili zikirushiana barua za malalamiko, chombo kimoja kiligongana na meli ya mizigo ya Ugiriki kikazama, kaskazini-magharibi mwa Uotsuri. Walikuwemo watu 14. Waliofika na kuwatoa baharini sita walioonekana hai walikuwa Walinzi wa Pwani wa Japani, na safari hii wizara ya mambo ya nje ya China ilitoa shukrani.